Kengele ya Kanyange

"Miaka yote naomba mniongezee sauti, hamniongezei. Siku moja mnaniongezea bila kuniambia, halafu kosa ni langu! Mimi nilimwambia nani apige magoti?"

Kanyange alisema hayo akiwa amesimama mbele ya kamati ya kwaya. Gitaa lake la besi lilikuwa limelazwa juu ya viti viwili vya plastiki kama mgonjwa anayesubiri daktari. Alisema kwa Kiswahili. Akiwa na hasira Kinyarwanda kinamkimbia. Alikulia Buyenzi, Bujumbura, kama mimi, na sisi wa kule tunaweza kusali kwa lugha yoyote, lakini kugombana tunagombana kwa Kiswahili.

"Dada Kanyange, tuliza roho," akasema perezida wa kwaya. Mwenyekiti wetu huyo ni Valens, anafanya kazi kwenye wizara moja kule Kacyiru, na hata akiomba chumvi mezani utadhani anasoma ripoti. "Hapa hatumhukumu mtu. Tunatathmini tukio."

"Tukio lina jina. Linaitwa Kanyange. Litaje tu."

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili iliyopita, misa ya pili, padri alikuwa amemaliza matoleo, ameinua mikono, na watu wamesimama wanamwitikia. Wakati wa kupiga magoti ulikuwa bado. Mara, kwenye spika: ting. Kimya kidogo. Ting, ting. Sauti nyembamba, safi, kama kengele ya altare inayolia wakati wa mageuzo kuwaambia watu wapige magoti. Mukecuru Mukandekezi, bibi kizee ambaye hukaa benchi la kwanza na husali akiwa amefumba macho, akashuka magotini. Sasa, kanisani kwetu benchi la kwanza likishuka, la pili halibaki juu. Wa mbele ndio saa ya wa nyuma. Padri hajamaliza hata sentensi, nusu ya kanisa iko chini na nusu iko juu, wanatazamana kama ndugu waliogombania shamba. Padri akanyamaza. Akaitazama kengele yenyewe. Ilikuwa palepale kwenye ngazi ya altare, hakuna aliyeigusa. Kisha akainua macho kwa wanakwaya.

Na sisi wanakwaya, kwa upendo wetu wote, tukamtazama Kanyange.

Mbaya zaidi, mukecuru alishuka kwa ghafla mno na goti lake likagoma. Ilibidi abebwe kupelekwa nyumbani, na tangu hapo hajatoka nje.

"Kwa hiyo," Valens akaendelea, "kamati inapendekeza besi ibaki besi. Hayo majaribio ya kengele yasimame. Kwenye sikukuu ya parokia ule mwisho wa wimbo wenye kengele tuuache."

"Mwisho huo ndio wimbo wenyewe," akasema Kamikazi, mwalimu wetu wa kwaya. Ni msichana mdogo, lakini wimbo kautunga yeye.

"Na kama dada Kanyange hakubaliani, basi aturudishie gitaa. Ni mali ya kwaya."

Kanyange aliketi. Hakuketi kwa kukubali. Miguu ilikuwa imechoka tu, alikuwa ametoka kazini moja kwa moja.

"Nitauliza kitu kimoja," akasema. "Nani aliifungulia sauti besi siku ile? Mimi kifungo changu nilikuwa nimekifunga karibu kabisa. Nilikuwa najaribu peke yangu, kwa masikio yangu."

Valens akakohoa. "Niliona... wakati wa matoleo niliona besi haisikiki vizuri."

"Siku hiyo ndiyo ukaona!"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Valens akanitazama kama nimetema mate ofisini kwake.

Kamikazi ndiye aliyetuokoa. Alisema aliyeumia ni mukecuru, basi mukecuru aulizwe. Akisamehe, wimbo ubaki kama ulivyo. Akikataa, gitaa lirudi. Valens alikubali haraka, nadhani alijua mukecuru ana ulimi gani.

Sasa nieleze kwa nini mwanamke mzima, mwenye mgongo mbovu na mtoto mkubwa, aling'ang'ania kufanya gitaa la besi lilie kama kengele.

Kanyange anafua mashuka kwenye hoteli moja huko Rebero. Anaondoka nyumbani Kanombe kabla jua halijatoka, na akirudi anatembea kama mtu anayebeba ndoo, hata kama hana kitu mkononi. Mikono yake imeliwa na maji ya javeli, ile dawa ya kutakatisha mashuka. Ncha za vidole zimepasuka, na kidole gumba cha kulia ndicho kibaya kuliko vyote.

Besi aliipata kwa kuachiwa. Kwaya iliponunua vyombo, wanaume waligombania gitaa la solo na ngoma. Besi ikabaki imeegemea ukuta. Kanyange akaichukua ili isianguke, hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe, na hajaiweka chini mpaka leo. Ni mpigaji mzuri. Hapotezi mwendo. Lakini besi ni kama msingi wa nyumba. Hujawahi kusikia mgeni akiingia na kusema, jamani, msingi mzuri huu.

Binti yake, Winifred, yuko Doha, anafanya kazi ya mapokezi hotelini. Ana miaka hajaja. Kila kwaya ikiweka video kwenye mtandao, Kanyange anamtumia. Siku moja Winifred akajibu kwa sauti, nami nilikuwepo nikisikia: "Mama, nimeiangalia mpaka mwisho. Nakuona unachezesha vidole, lakini sikusikii. Uko unaigiza?" Akacheka. Mtoto anatania tu.

Kanyange hakucheka. Alichukua simu yake, akaifungua video ileile, akaiweka sikioni, kisha akanipa mimi. Kweli. Sauti za wanawake zipo, solo ipo, hata kikohozi cha Valens kipo. Besi hakuna. Simu haina tumbo, sauti za chini haziwezi. Miaka yote hiyo alikuwa akimtumia mtoto wake video ambazo ndani yake yeye hayupo.

"Kwa hiyo ananiona kama vile nimekufa," akasema. "Nasogea tu."

"Usikufuru."

"Sikufuru, Mama Ariane. Nimechoka."

Haikupita muda mrefu, Jean-Bosco wa kinanda akapata kazi Huye akaondoka, na kinanda kilikuwa chake, akaondoka nacho. Wimbo wa Kamikazi ulikuwa unaishia kwa kinanda kulia kama kengele: waimbaji wote wananyamaza, kengele peke yake inapanda, inashuka, basi. Kamikazi alikaribia kulia. Kanyange akasema kutoka nyuma, bila kuinua kichwa, "Hiyo nitaipiga mimi." Wote wakadhani anatania.

Alikuwa ameona kwenye simu, mchana, nyuma ya mashine za kukausha mashuka, mzungu mmoja mwenye ndevu akiifanya. Maneno ya yule mtu hakuyaelewa. Aliangalia kidole gumba tu. Siri iko hapo. Mkono wa kushoto unabana uzi kama kawaida. Mkono wa kulia una kazi mbili kwa wakati mmoja: kidole gumba kinaugusa uzi, kinaugusa tu bila kuukandamiza, katikati kabisa ya kipande kinacholia, na kidole kingine nyuma yake kinaudonoa. Hapohapo gumba liondoke. Likichelewa, sauti inakufa. Likikosea mahali hata kwa upana wa punje ya mchele, unapata mkwaruzo. Likipatia, ule uzi mnene unaacha kunguruma na kutoa sauti ya juu, ya kengele. Halafu mkono wa kushoto ukihama kwenda noti nyingine, gumba nalo lihame, libaki katikati, kama watu wawili wanaobeba meza.

Nimeeleza kama rahisi. Yeye alipata mikwaruzo mpaka nikadhani ana panya ndani.

Tunaishi uzio mmoja. Mtaani kwetu kelele haziruhusiwi, na jirani wa chini alishakwenda mara moja kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa, kulalamika juu ya redio. Kwa hiyo Kanyange alifanya mazoezi bila umeme. Gitaa la umeme bila umeme linanong'ona tu. Akagundua kwamba akigusisha kichwa cha gitaa kwenye kabati lake la nguo, mbao zinaichukua sauti, naye akiweka shavu kwenye mlango wa kabati anasikia kila kitu. Niliingia jioni moja kumwomba kiberiti nikamkuta amekumbatia gitaa, amelaza uso kwenye kabati, amefumba macho.

"Unalia?"

"Nyamaza, ilikuwa inakuja."

Nyuzi zenyewe zilikuwa zimechoka kumshinda mwenye nazo. Uzi mzee haulii kengele, unalia mti. Nyuzi mpya ni ghali na hapa mjini kuzipata ni kuzunguka. Wapigaji wana njia yao: wanazivua, wanazichemsha, jasho na mafuta ya vidole yanatoka, zinang'aa tena kwa wiki kadhaa. Hilo mimi sikulijua. Alikuja mlangoni akasema, "Mama Ariane, niazime sufuria yako kubwa."

"Unapika nini?"

"Nachemsha kitu."

Nikampa. Ile sufuria nzito, ya maharage ya Jumapili. Baadaye nikasikia harufu ya chuma, nikaenda kuchungulia. Ndani yake nyuzi zimejikunja kama tambi za shetani, na maji yamekuwa rangi ya mfereji.

"Kanyange! Sufuria yangu umeiua!"

"Nitakulipa nyingine."

"Lini?"

"Nikipumzika."

Nani amewahi kumwona Kanyange akipumzika? Nikajua sufuria imekwenda.

Turudi kwenye kesi. Siku yake ya kutokwenda kazini tulikwenda kwa mukecuru, yeye na gitaa mgongoni ndani ya mfuko wake mweusi, mimi na sukari na maziwa, maana mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Mukandekezi alikuwa ameketi kitandani, goti limefungwa kitambaa.

"Karibuni. Huyo mwenye jeneza mgongoni ni nani?"

"Ni mimi, mukecuru. Kanyange. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kanyange gani?"

"Wa kwaya. Napiga besi."

"Besi ndiyo nini?"

Kanyange akanitazama. Huyu mama amekaa benchi la kwanza miaka yote, kutoka pale mpaka kwenye besi unaweza kurusha rozari ikafika. Akalishusha gitaa akaketi kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi akakuta ngazi nyingine.

"Umesikia, Mama Ariane?"

"Nimesikia."

"Mimi nimeumizwa na kengele," mukecuru akasema. "Wewe unaomba msamaha wa nini?"

"Ile kengele ilikuwa mimi."

"Wewe!" Mukecuru alijiinua kidogo. "Usinidanganye, mtoto. Kengele za altare nazijua tangu nabatizwa."

"Ilikuwa gitaa hili."

"Lilize."

Kanyange akalitoa, akalilaza pajani, akaliza. Mimi nilisikia kidogo, kama mbu. Mukecuru akasubiri, mkono nyuma ya sikio.

"Nasubiri."

"Nimeshaliza."

"Basi sikuangushwa na hilo. Hilo haliwezi kumwangusha hata kuku." Akageukia upande wangu. "Nani kamtuma huyu? Valens?"

Nikaona Kanyange anaanza kulirudisha kwenye mfuko. Amini nakuambia, kama angefika kwenye zipu, besi ingekuwa imekwisha maishani mwake, angeipeleka jioni hiyohiyo kwa Valens na kwenda kulala. Nikamwambia, "Kabati." Akanitazama. "Si kuna kabati pale? Fanya kama nyumbani."

Kando ya kitanda cha mukecuru kulikuwa na kabati la zamani la mbao nzito. Kanyange akasogeza kigoda, akagusisha kichwa cha gitaa kwenye mbao. "Mukecuru, weka shavu hapa mlangoni. Samahani."

Mukandekezi akanung'unika, lakini akaweka. Kanyange akalamba kidole gumba, kilikuwa kimepasuka tena, akabana uzi, akadonoa.

Mukecuru akafanya ishara ya msalaba.

Mkono ulikwenda wenyewe, paji la uso, kifua, bega la kushoto, na kabla haujafika bega la kulia akaushika kwa mkono mwingine kama anakamata mwizi. Akatutazama.

"Nimefanya ishara ya msalaba kwa kabati," akasema.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika goti, akalaani goti, akacheka tena. Akataka ilie tena. Kanyange akamlizia wimbo wote, ule mwisho wa Kamikazi, nusu yake mikwaruzo, na mukecuru shavu kwenye mbao akisema "hiyo siyo... hiyo ndiyo... hiyo siyo."

Tulipoaga akamshika Kanyange mkono, akakigeuza kile kidole gumba akakiangalia. "Paka siagi ya ng'ombe usiku. Si hayo mafuta ya dukani. Na mwambie Valens nimesamehe. Lakini kwako wewe sipigi magoti tena, hata malaika wakishuka. Na siku ya sikukuu mje mnichukue, mimi kilima hicho sikipandi kwa mguu."

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje, kamera iko juu ya miguu yake mitatu. Kanyange alikuwa ametoka zamu ya usiku iliyoletwa na wageni wa mkutano, macho mekundu, kitenge cha sare amekifunga upande. Mukecuru tulimleta kwa gari la jirani, akaketi benchi lake la kwanza na fimbo. Baada ya komunio tukaimba wimbo wa shukrani. Kamikazi akafunga ngumi, sote tukanyamaza.

Kanyange akaangalia kidole chake. Si watu, si kamera.

Ya kwanza ikalia, safi. Ya pili, safi. Ya tatu ikafa, mkwaruzo mtupu, nikauma mdomo. Akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ya nne ikapanda mpaka darini. Na hapo nikaona magoti yanaanza. Mazoea ni mabaya. Benchi la tatu watu wananyanyuka kidogo, wanatazamana, mama mmoja ameshaanza kushuka.

Mukandekezi akageuka nyuma, akagonga fimbo chini.

"Kaeni! Ni Kanyange!"

Kanisa zima lilisikia. Wakakaa. Padri akainamisha kichwa kama anayesali, mabega yakimtikisika. Na Kanyange akapiga zilizobaki, moja baada ya nyingine, watu wote wamekaa kimya wakimwangalia yeye, mpaka ya mwisho ikaisha yenyewe hewani.

Valens alitaka sauti ya mukecuru ikatwe kwenye video. Alisema haiendani na hadhi ya kwaya. Kamikazi akamwambia akate basi na kikohozi chake, kiko kwenye video zote. Haikukatwa.

Jibu la Winifred lilikuja siku mbili tatu baadaye, tukiwa uani tunachambua isombe, majani ya muhogo. Kanyange akaliweka kwa sauti. "Mama, nimekusikia." Nyuma yake simu za hoteli zinaita. "Ile ya tatu umeikosa." Pua kama inavutwa. "Huyo bibi anayekutaja ni nani? Nimemwekea kila mtu video hapa kazini. Nawaambia, Kanyange ni mama yangu."

Aliusikiliza tena ujumbe huo. Kisha akaegemea ukuta, majani ya isombe mapajani, akalala palepale mdomo wazi. Nilimalizia kuchambua peke yangu.

Msidhani mambo yalibadilika. Jumapili iliyofuata besi ilikuwa besi, na hakuna aliyeisikia. Mashuka ya Rebero hayajapungua. Ila mukecuru akipita karibu na kwaya baada ya misa humnyooshea fimbo na kusema, "Wewe, kengele," na Kanyange huinama kumsalimu kwa mikono miwili.

Juzi aligonga mlango wangu mchana, jambo ambalo si kawaida. Hoteli ilikuwa imempa siku ya mapumziko. Alikuwa na sufuria yangu, ameisugua kwa mchanga na majivu mpaka chini kumeng'aa, ila ule mviringo wa kijivu ndani umebaki na hautatoka kamwe.

"Nimepumzika," akasema. "Nimekuletea. Na nyingine mpya nitaitafuta, siyo leo."

Nikaichukua, nikainusa. Chuma. Maharage ya humo hata mbuzi atakataa. Nikamwangalia yeye, miguu imevimba ndani ya kandambili, gumba linang'aa siagi ya ng'ombe.

"Zile nyuzi zinaendeleaje?"

"Zimeanza kuchoka tena."

Nikamrudishia sufuria. "Baki nayo. Deni limekwisha. Nenda ukalale."